Brashi na Tanuri la Shemeji

Watu wengi mtaani walizijua herufi zake kabla ya kuijua sura yake. Duka la viatu, saluni mbili zinazotazamana kwa wivu, fundi saa, zahanati, hata lile onyo la kukataza watu kukojoa kwenye ukuta wa soko, ambalo liliandikwa kwa uzuri kiasi kwamba wanaume walilisoma mpaka mwisho huku wakikojoa. Kazi zote hizo zilitoka mkononi mwake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, mwenye madoa ya rangi kwenye viwiko na kilemba ambacho rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Jina la Brashi alipewa na wenzake alipokuwa msichana anayejifunza kazi, likamganda kama gundi. Hata mama yake mzazi, aliyekuwa amejipa shida ya kumtafutia jina zuri, mwishowe alinyanyua mikono akasema basi, na aitwe Brashi.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichofungua mlango barabarani, chenye harufu ya tapentaini inayokupokea kabla mwenyewe hajakupokea. Makopo yalipangwa kuanzia nyeupe hadi nyeusi. Katika kona moja, nyuma ya ngazi, palisimama mbao nyembamba zenye mipini, nyuso zimegeuzwa ukutani kama watoto waliopewa adhabu. Hayo yalikuwa mabango ya maandamano, na ndiyo yaliyokuwa ugonjwa wake. Brashi hakuweza kupita penye watu wanaonung'unika bila kwenda kutafuta ubao.

Miti ya barabara ya hospitali ilipotakiwa kukatwa, aliandika. Miti ikakatwa, ila ilikatwa mbele ya mabango mazuri. Taka ziliporundikwa nyuma ya shule, aliandika tena. Taka zikaondolewa nyuma ya shule, zikapelekwa nyuma ya soko, na watu wakabebana mabegani kwa ushindi. Mwenyekiti wa kamati ya mazingira, mstaafu mmoja mnene aliyekuwa na kipaza sauti cha kwake mwenyewe, alipenda kusema mbele za watu: "Bila Brashi, sisi ni kelele tu!" Brashi alipenda kusifiwa kama binadamu mwingine yeyote, kwa hiyo hakuwahi kujiuliza, sasa wakiwa naye, wao ni nini zaidi ya kelele.

Aliyekuja kumuuliza swali hilo alikuwa shemeji yake.

Nyumba ya mama yake Brashi ilipakana na tanuri la mkate. Ukuta ulikuwa mmoja: upande huu kitanda cha mama, upande ule moto. Dada yake mkubwa hakuolewa mbali. Alitoka mlango wa kwanza akaingia mlango wa pili, na siku ya harusi watu walitania kwamba bwana harusi ameokoa nauli. Bwana harusi huyo alirithi tanuri kwa baba yake. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye nyusi zilizoungua zamani zikagoma kuota sawasawa, jambo lililompa uso wa mtu anayeshangaa kila saa.

Tanuri lenyewe lilikuwa la matofali, kubwa kama chumba cha kulala. Chini lilikuwa na tumbo la moto, juu ya tumbo kulikuwa na sakafu ambako mikate ilipangwa kwa koleo refu la mbao. Na lilikuwa na mwiko wake. Baba wa mwokaji alipouwasha moto ule aliapa kwamba hautazimika maadamu ukoo wake una mtu wa kubeba kuni, na kweli haukuzimika. Kwenye harusi ya mwokaji alibaki mtu wa kuulisha. Kwenye mazishi ya mzee mwenyewe alibaki mtu wa kuulisha. Wageni walipopita waliambiwa, "Moto huu una umri kunizidi mimi," nao waliuinamia kidogo wakiingia, bila kujua kwa nini.

Kwa sababu hiyo ukuta wa mama ulikuwa wa joto mwaka mzima. Familia ilijivunia ukuta huo kama wengine wanavyojivunia mtoto aliyesoma. Nepi zilikaukia hapo, vifaranga vililelewa hapo, na Brashi mwenyewe alisomea mitihani yake akiwa ameuegemea. Baba yao alipofariki, mama alisogeza kitanda chake hadi ukutani, akasema angalau kipo kitu cha kumpasha mgongo.

Miaka ya karibuni mwokaji alianza kuchoma soli. Karakana moja ya viatu mtaani ilikuwa na mabaki ya raba yasiyo na mwenyewe, na raba inawaka kwa hasira kuliko ukuni wowote. Moshi uliotoka bombani ukawa mweusi kama lami. Nguo zilizoanikwa ziliingizwa ndani na madoa. Watu wa mtaa wakaanza kukohoa, na mama yake Brashi akakohoa kuwazidi wote, mpaka ikawa hawezi kutoka kitandani kwenda mlangoni bila kuketi njiani.

Daktari wa zahanati hakuzunguka. "Kifua hiki hakitaki moshi tena," alimwambia Brashi koridoni. "Ama moshi uhame, ama mama ahame. Tena msichelewe."

Brashi alilipeleka neno hilo kitandani kwa upole wote aliokuwa nao. Mama alimsikiliza, akapumua, akapumua tena.

"Mimi... sihami," alisema. "Mimi si kabati."

Basi ikabaki moshi.

*

Siku ya maandamano mtaa ulijaa. Brashi alikuwa hajawahi kuandika vizuri namna ile. TUNATAKA KUPUMUA, lilisema bango moja, herufi zake za buluu zikipanda juu kama puto. ACHENI KUCHOMA SUMU, lilisema la kwake mwenyewe, jekundu, lenye kivuli cheusi chini ya kila herufi. Mwenyekiti alipiga kelele, watu wakaitikia, na wote walikuwa wamenyanyua vichwa kulitazama bomba la moshi lililosimama juu ya paa.

Mlango wa tanuri ulifunguka. Mwokaji akatoka akijifuta mikono kwenye aproni.

"Shemeji," alisema, kwa sauti ya chini kuliko watu walivyotegemea. "Karibu. Leo umekuja na wageni."

"Nimekuja na watu wanaokohoa."

"Na mkate wa asubuhi wamekula?"

Watu wawili watatu walicheka, halafu wakakumbuka walikuwa wamekasirika.

"Usinipeleke kwenye mkate," alisema Brashi. "Mimi naongelea moshi. Mama yupo nyuma ya ukuta wako, anavuta pumzi kama anavuta gari. Ni mama yako pia, kama umesahau."

"Sijasahau. Kila jioni mimi ndiye nampelekea chai." Mwokaji alilitazama bango jekundu, akalisoma lote kwa makini. "Zuri. Sina ubishi. Linasema niache. Haya, nimeacha. Sasa kesho nitie nini kwenye hilo tumbo? Kuni peke yake haziivishi, nimejaribu mpaka nimechoka. Wewe unajua kuandika, shemeji yangu. Niandikie bango jingine, hata dogo, liniambie nichome nini."

Brashi alifungua mdomo. Alikuwa mtu asiyekosa maneno hata siku moja. Maneno ndiyo yaliyomlisha. Lakini pale mdomoni hapakuwa na kitu, na mdomo ukabaki wazi muda mrefu kidogo kuliko inavyopendeza.

"Kazi yetu si kumfundisha mtu kuoka!" Mwenyekiti alinguruma kwenye kipaza sauti. "Kazi yetu ni kusema hapana!"

"Hapana!" umati ukaitikia.

Dada yake alikuwa amesimama kizingitini, unga mpaka kwenye kope. Alimtazama mdogo wake kama mtu anayetazama rangi ambayo haijakauka, asijue ataigusa wapi, kisha akaingia ndani.

Ofisi ya mji ilisikia kelele. Akatumwa afisa afya, kijana mpole aliyeongea kana kwamba anaomba radhi kwa kila sentensi. Aliangalia soli, akaangalia moshi, akafunga mlango kwa utepe na lakiri. Moto ukaachwa bila mtu wa kuulisha. Inasemekana mwokaji aliketi juu ya kreti mbele ya mlango uliofungwa mpaka kaa la mwisho lilipogeuka jivu, na mke wake alipomgusa bega alisema tu, "Basi. Baba ameondoka mara ya pili."

*

Furaha ilidumu mpaka kifungua kinywa.

Kwa kawaida mtaa mzima ulinunua mkate pale, kuanzia walimu hadi wagonjwa waliolazwa zahanati. Sasa mkate ulitoka mji wa mbali, ukifika umeshakuwa mgumu kama kisigino, na wengi hawakuupata kabisa. Vijana waliokuwa wakizungusha mikate kwa baiskeli walikaa ukingoni mwa barabara wakimtazama Brashi akipita. Mama mmoja aliyekuwa ameshika bango la TUNATAKA KUPUMUA alimsimamisha mbele ya karakana.

"Brashi, mwenzangu, si nilikuwa naunga mkono?"

"Uliunga, tena kwa sauti."

"Basi niambie, watoto wangu wanakwenda shule na nini tumboni? Kupumua tunapumua. Unajua mtu akipumua sana bila kula anasikia njaa zaidi?"

Siku chache baadaye maandamano yakapita tena mtaani, na safari hii hakuna aliyemwita. Brashi alitoka mlangoni na brashi mkononi. Walikuwa watu walewale. Walikuwa na mabango yake yaleyale, yamegeuzwa nyuma, na kwa mgongo yameandikwa kwa mkaa: TUNATAKA MKATE. Neno la kwanza lilikuwa kubwa sana, kwa hiyo la pili lilibanwa pembeni hadi herufi zake za mwisho zikaning'inia. Brashi hakujua kilichomuuma zaidi, usaliti au mwandiko.

Mwenyekiti alikuwa mbele na kipaza sauti chake. Alipomwona akakishusha.

"Usinitazame hivyo, dada," alisema. "Mimi nasimama na wananchi."

"Na wiki iliyopita ulisimama na nani?"

"Na haohao. Wamegeuka, nami nimegeuka."

Ofisi ya mji ikasikia kelele kwa mara ya pili, na kwa kuwa kelele zilikuwa zinafanana, ikatoa jibu linalofanana kwa kinyume. Tanuri litafunguliwa Jumatatu inayofuata, kwa sharti kwamba mwenye tanuri "apunguze moshi." Kwa njia gani, barua haikusema. Kila mtu alijua maana yake: Jumatatu soli zitarudi.

Na soli zikirudi Jumatatu, mama yake atahesabiwa miongoni mwa waliotangulia kabla ya masika kwisha. Brashi hakuwa na namna nyingine ya kulisema jambo hilo, hata moyoni.

Jambo lililomkereketa ni kwamba tangu moto uzimike, mama alikuwa anapumua. Si vizuri sana, lakini usingizi wake ulikuwa umerudi, na alikuwa ameanza kugombana na redio. Alichokuwa nacho sasa ni lalamiko jipya.

"Ukuta umekufa," alisema. "Nalala kama nimelala kwenye jiwe. Nisogezee kitanda huko, Brashi, nikae mbali na hii barafu."

Brashi akavuta kitanda. Kilikuwa hakijavutwa tangu baba yao afariki. Nyuma ya ubao wa kichwani, usawa wa mto, ukutani palikuwa na mstari mweusi. Ulianza kama uzi karibu na sakafu, ukapanda ukinenepa, ukagawanyika mara mbili pale ambapo mama alikuwa anaweka uso wake kila akilala. Alidhani ni ufa. Akaugusa kwa kidole, kidole kikatoka cheusi, chenye mafuta, na alipokinusa akasikia raba.

Aliketi kwenye sakafu. Alikuwa amekulia kwenye joto la ukuta ule. Alikuwa amewaambia watu mia kwamba nyumba yao ina ukuta wa ajabu. Mtaa mzima ulikuwa umesimama nje na kulipigia makelele bomba la juu ya paa, na kumbe sehemu kubwa ya moshi haikuwa inapita huko. Ilikuwa inapita hapa, polepole, kwa adabu, mpaka kwenye mto wa mama yake.

"Umeona nini?" mama aliuliza.

"Nimeona kwa nini tulikuwa na joto."

*

Mwokaji alikuwa nyuma ya nyumba yake, akipanga kuni ambazo hazikuhitaji kupangwa. Alimwona shemeji yake akija mikono mitupu, akashangaa kwa uso wake wote, safari hii kweli.

"Leo hakuna bango?"

"Shemeji, naomba kuingia ndani ya tanuri."

"Ndani ya wapi?"

"Ndani. Kwenye tumbo. Umewahi kuingia?"

"Nani ameingia motoni akatoka?" alijibu kwa ukali. "Moto haujawahi kuzimwa. Nyinyi ndio mmeuzima. Sasa mnataka kwenda kumkagua marehemu?"

"Mikate ya nyuma," alisema Brashi. "Ile inayopangwa karibu na ukuta wetu. Inaivaje?"

Dada yake Brashi alikuwa ametokea mlangoni, na ndiye aliyejibu.

"Haiivi. Inabaki nyeupe kama imetishwa. Ndiyo maana ya soli. Kuni hazifikishi joto kule nyuma, anatia soli ili moto uwe mkali ufike."

"Joto haliji kwenu," Brashi alisema, "kwa sababu linakuja kwetu. Njoni mwone."

Akawapeleka nyuma ya kitanda. Mwokaji alipiga goti mbele ya ule mstari mweusi, mama mkwe akimtazama kutoka upande wa pili wa chumba. Akaupima kwa kiganja kutoka chini hadi juu. Alipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, nisamehe. Mimi nilikuwa nalisha moto. Sikujua nakulisha na wewe."

"Amka hapo," mama alisema. "Unanichafulia... sakafu. Nenda mkazibe."

Lakini mlango wa tanuri ulikuwa na lakiri. Wakamwita afisa afya, wakitegemea atawaambia waandike barua. Yule kijana alisikiliza, akatazama ukuta, akatazama suruali yake, akavua viatu na saa. "Samahani," alisema, "nikiingia nami, kuna tatizo?" Akakata utepe, wakaingia watatu kwa kutambaa, Brashi mbele kwa kuwa ndiye mdogo, kila mmoja na tochi mdomoni. Humo ndani kila kitu kilikuwa cheusi sawasawa, na katika weusi ule ufa haukuonekana.

"Nipeni chokaa," Brashi alisema.

Alikoroga chokaa nyepesi kama maziwa, akapaka ukuta wote wa nyuma kuanzia juu, kwa brashi pana, kama anavyoandaa ukuta kabla ya kuuandika. Kisha wakangoja. Chokaa ilipokauka ukuta ukawa mweupe, ila pale ambapo matofali yalikuwa yameachana, maji yalinywewa ndani na chokaa ikazama. Mistari ikajitokeza mmoja baada ya mwingine, myeusi juu ya weupe, mpaka tanuri zima likawa kama ramani ya mito. Mkubwa kuliko yote ulielekea moja kwa moja kwenye kitanda cha mama.

"Mungu wangu," alisema mwokaji. "Baba alikuwa anauabudu moto, na mimi nikamfuata. Kumbe angeuacha ulale siku moja tu."

Kuanzia hapo ilikuwa kazi. Brashi alikwenda nyumba kwa nyumba kwa wale walioandamana, safari zote mbili. Waliokuja kupiga kelele walikuwa wameujaza mtaa. Waliokuja kubeba matofali walienea kwenye benchi moja. Mwenyekiti alifika na kipaza sauti, dada akampokonya kwa heshima na kumpa chekeche la mchanga. Alichekecha mpaka jasho likamtoka kisogoni, akakiri kwamba tangu astaafu hakuwahi kulala fofofo kama usiku wa siku ile. Wakabomoa ukuta wa nyuma, wakaujenga upya kwa matofali mawili mawili na udongo uliokandwa na mchanga, na uliokuwa mmoja ukawa kuta mbili zenye nafasi katikati, mmoja wa tanuri na mwingine wa mama. Afisa afya alichora kwenye sakafu, kwa kipande cha mkaa, jinsi hewa inavyotakiwa kuingia chini ya kuni badala ya kuingia kwa mlango, na mwokaji akatoboa matundu mawili alipoonyeshwa.

Jumatatu ikafika. Watu wakapanga mstari nje.

Moto haukutaka. Udongo ulikuwa bado na maji, na kuni zilizokuwa zimelala nje kwenye mvua zilifuka tu, zikijaza chumba moshi wa kijivu unaotoa machozi. Mikate ya kwanza ilitoka bapa, rangi ya karatasi. Nje mtu akaanza kupiga mlango. Mwokaji akasimama na koleo lake, akaangalia kona ambako magunia ya soli yalikuwa bado yapo.

"Shemeji, gunia moja tu," alisema. "Kwa leo. Ukuta wa mama umeshazibwa, hautapata hata harufu. Moshi wote utapanda juu."

Wote wakamgeukia Brashi. Na ukweli ni kwamba mwokaji hakusema uongo. Kile alichokuwa amekihangaikia kilikuwa tayari kiko salama upande wa pili wa matofali mapya. Angeweza kuitikia kwa kichwa tu, akaenda kulala.

"Ukipanda juu utamshukia nani?" alisema. "Hapana."

"Hapana tena!" Mwokaji alibwaga koleo. "Wewe na hapana yako! Si nimekuuliza tangu siku ile? Nichome nini?"

"Si kuna mabango?" mtu mmoja alipendekeza kutoka nyuma. "Yamekauka vizuri."

"Yana rangi. Rangi ikiungua ni sumu ileile. Na atakayeyagusa nitamwandika ukutani kwa jina." Brashi alikuwa tayari anavaa viatu. "Nipe mpaka chai iive. Nani ana mkokoteni?"

Barabara ya chini kulikuwa na maseremala, na hakuna seremala pale ambaye kibao chake hakikuandikwa na yeye. Kila jioni walikuwa wakichoma mabaki uwanjani ili wapate pa kukanyaga: vipande vya mbao ngumu, vimekaushwa mwaka mzima kabla ya kupasuliwa, havina rangi wala vanishi. Brashi alikuwa amepita kando ya mioto ile maisha yake yote. Hakuomba. Aliwaambia vibao vyao vimechakaa na atavipaka upya vyote, naye atachukua mabaki kila siku, kuanzia sasa hivi, na wasaidie kupakia. Alirudi akisukuma mkokoteni nyuma ya Mwenyekiti aliyekuwa anavuta, wote wawili wakiwa wamejaa vumbi la mbao kama mikate iliyonyunyiziwa unga.

Vipande vile vilishika mara moja. Moto ulipata hewa kutoka chini, ukanguruma, ukatulia. Mwokaji alisikiliza ngurumo ile kichwa kikiwa pembeni, kama mtu anayesikia sauti anayoifahamu kwenye simu. Kuni za mvua zikapandishwa juu ya mgongo wa tanuri zikauke kwa ajili ya kesho yake. Na mikate ilipotoka mchana, ile ya nyuma ilikuwa na rangi sawa na ya mbele. Dada alichukua mmoja wa nyuma, akaubonyeza, akaugeuza, akaugonga mgongoni kwa kifundo cha kidole. Halafu akavuka chumba na kumpa mdogo wake.

"Wa kwanza wako," alisema. "Na ule hapahapa, nikuone."

Brashi akala amesimama. Ulimuunguza ulimi, akaendelea.

Tusitie chumvi: bomba halikuacha kutoa moshi. Linatoa mpaka leo, mwepesi, wa kijivu, na siku za mvua watu bado wanaingiza nguo ndani. Sasa mwokaji anauzima moto wake mara moja kila mwaka, anaingia na chokaa, anatafuta nyufa, na wajukuu wa mzee aliyeapa humshikia taa. Waokaji wa mitaa mingine wamekuja kuangalia. Wanapouliza fundi ni nani, mwokaji huonyesha kwa kidevu upande wa karakana yenye harufu ya tapentaini na kusema, "Shemeji yangu. Ndiye aliyenifungia. Ndiye aliyenifungulia." Husema hivyo kwa majivuno ambayo hajawahi kuyaonyesha kwa mkate wake.

Brashi naye hajaacha kuandamana. Anaandika kama zamani, na kivuli cha herufi zake kimekuwa bora zaidi. Ila wanaokuja kumwomba mabango hulalamika siku hizi kwamba anawachelewesha. Kabla hajafungua kopo, anataka kwanza kwenda kuona kwa macho yake, na mara nyingi anataka kuingia ndani.

Wiki mbili tatu baada ya ile Jumatatu, mchana, watu walikuwa wamejaa kwenye tanuri wakingoja mkate, Brashi akiwa juu ya ngazi akimwandikia shemeji yake jina jipya juu ya mlango. Alisikia kimya kimeanguka chini yake. Akatazama. Mama yake alikuwa anakuja barabarani, peke yake, hatua baada ya hatua, na fimbo aliyopewa zahanati ameishika kwapani kama mwavuli. Hakuketi njiani. Alifika, akapita mbele ya mstari bila kuomba mtu ruhusa, akasimama mbele ya mkwe wake.

"Nani kati yenu aliyeuziba ukuta wangu?" aliuliza.

"Ni sisi, mama," alisema mwokaji. "Na huyo juu ya ngazi."

"Mmeuziba vizuri. Nimeukagua mwenyewe, hakuna hata harufu, nimelala nikaamka nikadhani nimekufa kwa jinsi nilivyopumzika. Sasa nyinyi mafundi, mliponiondolea moshi, joto langu mlilipeleka wapi? Miguu yangu, mzee kama mimi, nitaipasha na nini? Au hilo hamkulifikiria?"

Aliyasema yote kwa mkupuo, mpaka mwisho, na akabaki na pumzi ya kumtazama kila mmoja. Dada aligeuka haraka akashughulika na trei.

Brashi alishuka ngazi. Pembeni mwa mlango kulikuwa na matofali yaliyobaki kazini. Alichagua moja lisilo na ufa, akaliweka kwenye mdomo wa tanuri, wakangoja wote, mstari mzima, kama wanangoja mkate. Lilipokolea joto alilitoa kwa koleo, akalizungushia gunia la unga lililofuliwa, tabaka mbili, akalifunga kwa kamba.

"Hili la miguu," alisema. "Likipoa, unarudi tunakupa jingine."

"Yaani nitakuwa natembea mpaka hapa kila siku?"

"Kila siku, mama."

Mama alilipima uzito kwa mikono miwili. Mwokaji akajitokeza kumbebea, naye akamsukuma kwa kiwiko.

"Niache. Nimeomba msaada?"

Akalikumbatia tofali lake kifuani, akaanza kurudi nyumbani, na watu wakampisha njia.